Sentimita Tano za Mshono

Muuzaji wa makabati ya jikoni aliwauliza bajeti yao kabla hajawajulia hali. Mshonaji akataja kiasi kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa wa aibu, na muuzaji akakifunga taratibu kitabu cha picha alichokuwa amewafungulia.

"Basi twendeni nyuma," alisema. "Huku mbele mtajichosha macho bure."

Wakamfuata, mshonaji na mumewe kinyozi, wakipita katikati ya majiko ya maonyesho. Kwenye jiko moja mtu na mkewe walikuwa wameketi juu ya viti virefu wakiandaliwa kahawa. Mshonaji akapitisha kidole kimoja juu ya kaunta ya jiwe.

"Dada, hilo si la kushikashika," muuzaji alisema bila kugeuka.

"Samahani, ndugu yangu," kinyozi akajibu kwa niaba ya mkewe. "Kidole chake hakina makali. Mwenye makali ni mimi."

Muuzaji hakucheka.

Nyuma kulikuwa na makabati ya kuunganisha mwenyewe, yamelazwa ndani ya maboksi kama vitabu, na moja tu limesimamishwa kuwa mfano. Lilikuwa la kijani. Rangi hiyo ilikosa wateja, muuzaji akaeleza, ndiyo maana bei imeshuka. Kinyozi akaitazama milango yake. Mkewe hakuitazama. Alichuchumaa, akaufungua mmoja, akaingiza kichwa ndani. Miaka kumi na tisa ya cherehani ilikuwa imemfundisha kwamba nguo huangaliwa upande wa ndani. Kwa nje kila mtu anajua kudanganya. Akapapasa mgongo wa kabati, akavuta droo mpaka mwisho, akaangalia bawaba moja baada ya nyingine.

"Mgongo mwembamba," alisema akiwa bado humo ndani, "lakini umeingia kwenye mfereji wake, haukupigiliwa tu. Bawaba ni za chuma. Na hii miguu?"

"Plastiki ngumu. Unaizungusha kupandisha au kushusha. Ukipenda unaitoa kabisa." Muuzaji sasa alimtazama kwa mara ya kwanza. "Vipimo vya ukuta mnavyo? Kama hamna, tuna mtu wetu wa kuja kupima. Analipwa kidogo tu."

Kinyozi akaanza kusema wazo si baya. Mkewe akamkata kwa jicho.

"Kaka yangu, mimi ni mshonaji. Nimepima maharusi, nimepima wajawazito, nimepima watu wanaovuta tumbo ndani kwa aibu. Ukuta hauvuti tumbo."

Akatoa karatasi aliyoichana kwenye daftari lake la wateja. Daftari hilo lilikuwa na mistari iliyochapwa tayari, kwa hiyo urefu wa ukuta wa jiko ulikuwa umeandikwa mahali pa kiuno. Muuzaji akasoma, na midomo yake ikalegea.

"Kiuno mia mbili arobaini na tano. Mteja wenu huyu ameshiba."

Akawapangia: kabati la sinki, sentimita sitini; la pili, sitini; la droo, themanini; la mwisho dogo, arobaini na tano. Yakajaza kipimo chote, bila hata pa kupitisha kisu. Kaunta ya kulala juu yake ingekatwa hapohapo dukani kwa urefu huohuo.

"Ila nawaambia mapema," alisema, "kaunta ikishakatwa hairudi. Na boksi likishafunguliwa halirudi. Ambalo halijafunguliwa tunalipokea ndani ya siku saba."

"Hakuna kitakachorudi," mshonaji alisema.

Njiani kinyozi alisimulia habari za wateja wake, kama kawaida ya watu wa kazi yake, mpaka wakafika kona ya nyumbani kwao. Kisha akauliza, "Unadhani atabaki?"

"Jiko likisimama kabla ya Jumapili, Mama atabaki."

Jumapili ndiyo siku ambayo dada yake kinyozi angekuja na gari kumchukua mama yao. Bibi huyo alikuwa amelipikia bweni la shule kwa miaka thelathini na mmoja, watoto mia nne kwa siku, mpaka alipoanguka akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini hakuweza tena kusimama kwa muda wala kuinama, na jiko lao lilikuwa la gesi lililokaa sakafuni, kando ya beseni. Sasa alishinda kitandani mikono mapajani. Kwa binti yake kulikuwa na wasaidizi wawili na televisheni pana. "Kama ni kuwa pambo," alikuwa amesema, "bora niwe pambo kwenye nyumba kubwa." Hakusema kwa hasira. Juzi mshonaji aligundua kwamba kisu cha bibi, kile ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, hakipo tena rafuni. Akajua sanduku limeshafungwa.

Wake wengine hulia mama mkwe anapokuja. Huyu alikuwa amekaa na mama mkwe wake miaka kumi na minne, akionjewa mchuzi kila jioni na kuambiwa ukweli, na kilio chake kilikuwa cha siku atakapoondoka.

*

Ijumaa maboksi yakaletwa, pamoja na kaunta ndefu iliyovishwa nailoni. Wapakuzi wakayaegemeza sebuleni, wakaenda zao. Mama mkwe akayatazama kutoka kitandani kwake, hapohapo sebuleni, fimbo ya kutembelea ikiwa mapajani.

"Jiko lenyewe liko wapi?"

"Ndilo hilo, Mama. Limo ndani."

"Limo ndani limelala?"

"Limelala. Kesho tunaliamsha."

"Haya. Na mimi siku yangu ikifika mnikunje hivyohivyo. Mtie na karatasi ya maelezo, malaika wasije wakaniunganisha vibaya."

Mshonaji na mumewe walikuwa bado wanacheka jirani yao seremala alipochungulia mlangoni, penseli nyuma ya sikio. Karakana yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba yao, na habari za maboksi zilimfikia kabla maboksi hayajashuka garini.

"Shemeji," alimwambia mshonaji, "nasikia mmenunua jiko la karatasi."

"La mbao, jirani."

Seremala akaingia, akagonga boksi moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari anayepima kifua. "Huu ni unga wa mbao uliokandwa kwa gundi. Ukiumwagia maji unaumuka kama mkate. Mngeniambia mimi, ningewatengenezea jiko la kurithiwa."

"Ndilo tuliloliogopa," kinyozi alisema. "Kwamba watakaolitumia ni warithi. Kiti chetu kiko kwako tangu mwaka juzi, jirani. Mguu mmoja tu."

"Kile kiti kinahitaji utulivu," seremala alijibu, akatoka na heshima yake yote.

*

Jumamosi kinyozi hakufungua kibanda chake. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akafungua boksi la kwanza na kijitabu chake. Kijitabu hakikuwa na neno hata moja. Kilikuwa na michoro ya kijitu chenye upara, kinachotabasamu na bisibisi mkononi.

"Simwamini huyu," kinyozi alisema. "Hajawahi kuhitaji huduma yangu."

Kabati la kwanza likasimama baada ya saa moja na nusu, na mlango wake ukakataa katakata. Matundu ya bawaba yalikuwa yametokea nje. Kinyozi kutwa humtazama mteja kupitia kioo, na ubao wa kushoto alikuwa ameuweka kulia.

"Umemvika koti kinyumenyume!" mama mkwe alipaza sauti kutoka kitandani, na kicheko chake kikaja nyuma ya maneno. Hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba hiyo kwa muda mrefu. Kinyozi akafungua skrubu kumi na sita akiwa anapiga mluzi.

Kufikia adhuhuri makabati matatu yalikuwa yamesimama kwa miguu yake ya plastiki: la sinki, la pili na lile dogo. La droo waliliacha ndani ya boksi kwanza, maana pakiti ya skrubu zake ilikuwa nzito kuliko kijitabu.

"Tujaribu kaunta ukutani," kinyozi alisema, "tuone tundu la sinki litakaa wapi."

Wakaibeba, huyu huku na huyu kule. Upande mmoja ukagusa ukuta wa dirisha. Upande wa pili ukagonga fremu ya mlango, ukagoma. Wakaigeuza. Ikagoma tena.

Mshonaji akavua utepe wa kupimia shingoni, akapima ukuta. Mia mbili arobaini. Akapima tena kutoka upande wa pili, kana kwamba ukuta ungeweza kubadili mawazo. Mia mbili arobaini. Akaketi juu ya boksi la droo.

Alijua palepale. Kwa miaka kumi na tisa jicho lake lilisoma kipimo cha mwili, na mkono wake, kabla ya kuandika, ukaongeza sentimita mbili na nusu kila upande, za kuingia ndani ya mshono. Mkono ulikuwa haumwombi ruhusa tena.

"Baba watoto," alisema. "Nimeuwekea ukuta nafasi ya mshono."

Kinyozi alimtazama. Akajitahidi asicheke, mashavu yakajaa hewa, lakini hakuweza. "Sasa... sasa tuufumue wapi?"

"Usinichekeshe, nataka kulia."

"Lia kidogo basi. Ukimaliza tumwite jirani."

Mshonaji alikwenda mwenyewe kumwita, maana kosa lilikuwa lake. Alisimama kwenye mlango wa karakana, vumbi la msumeno miguuni, akasimulia yote bila kuficha, hata yale maneno aliyomwambia muuzaji kuhusu ukuta na tumbo. Alingoja kejeli. Seremala akazima mashine, akakuna kidevu.

"Mimi niliwahi kutengeneza kitanda ndani ya karakana," alisema, "nikakuta hakitoki mlangoni. Twende."

Mbele ya ukuta hakuchukua muda. Kaunta angeikata, hilo dogo. Lakini makabati hayakunjwi pindo, kwa hiyo moja lazima litoke. "Toeni hili la arobaini na tano. Mkiweka lile la droo mahali pake, litabaki pengo la arobaini. Ndoo ya taka inaingia hapo. Kwisha habari."

Lilikuwa neno la busara na kila mtu akalikubali. Kinyozi akamsaidia mama yake kuinuka, aje aone mambo yalipofikia. Bibi akaja hatua kwa hatua, akaisimamisha fimbo pembeni, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta iliyokuwa imeegeshwa mshazari juu ya makabati. Mkono wa kushoto ukajikunja kama ulioshika kitunguu. Wa kulia ukaanza kupanda na kushuka. Viwiko vyake vilikuwa vimeinuka juu kama mbawa za kuku aliyeshtuka, na kabla hicho kitunguu cha hewa hakijafika nusu, mguu ulianza kutetemeka. Mwanawe akamdaka.

"Jiko zuri sana," alisema alipopata pumzi. "Na rangi yake ni kama sare za watoto wangu wa bweni. Mungu awabariki. Nirudisheni nikakae. Na huyo wa kesho mwambieni asichelewe, mimi kusafiri juani siwezi."

Kinyozi akamshika mkono, akamrudisha kitandani. Seremala aliinamia sanduku lake la vifaa, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Mshonaji alibaki amesimama, utepe mkononi. Alikuwa amepima ukuta. Alikuwa amepima dirisha, mlango, na kimo cha bomba la maji. Hakuna mshonaji anayekata kitambaa kabla hajamwona mvaaji, na yeye alikuwa amekata jiko zima. Sentimita tano za mshono zilikuwa kosa la mkono. Hili lilikuwa kosa kubwa zaidi.

Akamfuata mama mkwe wake kitandani, akapiga magoti.

"Mama, kaa wima kidogo."

"Nini tena?"

"Nakupima."

"Mtu wa kuondoka kesho unamshonea gauni la nini?"

"Si gauni. Nakushonea jiko."

Bibi akakaa wima kama mwanafunzi. Daktari alikuwa amesema asikae chini sana, kiti kisipungue sentimita hamsini, kwa hiyo mshonaji akaweka mto, akahakikisha. Kutoka sakafuni hadi kiwiko: sabini na tatu. Paja lilipofikia juu. Upana wa magoti akiwa amejiachia. Akaandika, safari hii akiutazama mkono wake kama mtu anayemchunga mwizi.

Kisha akarudi kwenye lile kabati dogo, akalilaza, akaizungusha miguu yote minne mpaka ikatoka, akalisimamisha juu ya sakafu tupu. Sabini. Kaunta ilikuwa na unene wa sentimita tatu.

"Jirani," aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Usitoe dogo. Toa kubwa."

"La droo? Litabaki shimo, shemeji. Sabini na tano nzima!"

"Hapo ndipo magoti ya Mama yatakapoingia." Akamwonyesha kwa mkono. Upande huu, makabati mawili ya sitini juu ya miguu yake, kwa wanaosimama: mia na ishirini. Upande wa dirishani, pengo la sabini na tano na lile dogo lisilo na miguu, kwa anayeketi: mia na ishirini. Kaunta ikatwe mara mbili, nusu ikae juu, nusu ikae chini.

Seremala akatoa penseli nyuma ya sikio, akajumlisha ukutani. Akajumlisha tena. "Umeongeza ya mshono?"

"Hata ya uzi."

"Basi hii akili, shemeji, ningekuwa nayo mimi, kile kitanda kingetoka mlangoni." Akakimbilia msumeno.

Alikata taratibu, ulimi nje. Ubavuni mwa kabati refu akafunga kipande cha mbao, mbao ya kweli, alisisitiza, kutoka karakana yake, ili nusu ya chini ipate pa kulalia. Tatizo lilibaki kwenye ncha zilizokatwa: zilikuwa wazi, na ule unga wa mbao ulionekana mweupe na uliochakaa kabla ya kazi.

"Si nilisema?" seremala alijipongeza. "Maji yakiingia hapo, mkate."

Kinyozi akapekua kijitabu. Kijitu cha upara kilikuwa kimeshika pasi. Na kweli, kwenye mfuko mdogo kulikuwa na utepe wa rangi ya kaunta, wenye gundi kavu mgongoni. Mshonaji hakuhitaji mchoro wa pili. Akaleta pasi yake ya kazini, akatandika kitambaa juu ya utepe, akaipitisha polepole, akibana kila kona kama anavyobana ukosi wa shati la bwana harusi. Gundi ikanukia, utepe ukashika. Alipokata ziada kwa mkasi, usingeweza kujua kiwanda kiliishia wapi na yeye alianzia wapi.

Seremala akapapasa ncha hiyo kwa kidole gumba, huku na huko. "Ubao unapigwa pasi," alisema. "Kuishi kwingi ni kuona mengi." Kisha, akiangalia pembeni: "Lile boksi la droo mnalirudisha dukani?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu. Droo zile zinaweza kufaa misumari."

"Za karatasi?" kinyozi akauliza.

"Karatasi nayo ina kazi zake."

"Leta kiti changu," mshonaji alisema, "halafu tuongee."

*

Kiti kilikuja Jumapili saa mbili asubuhi, na mguu wake, na miguu yote minne imerefushwa mpaka kimo kikafika hamsini kamili. Utulivu ulikuwa umepatikana kwa usiku mmoja.

Wifi alifika adhuhuri, amevaa nguo za safari, funguo za gari mkononi. Alimwita mama yake sebuleni, akamkuta hayupo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sauti ilitoka ndani zaidi.

"Huyo ni nani anayesimama mlangoni na kuzuia hewa? Ingia au toka."

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu mbele ya dirisha, magoti yametulia chini ya kaunta, viwiko vimelala sawasawa kama vilivyozaliwa hapo. Mbele yake palikuwa na rundo la vitunguu, na ubavuni pake mwanawe kinyozi akimenya viazi chini ya ulinzi mkali.

"Unamnyoa au unamchuna?" bibi alimwuliza. "Kiazi nacho kina ngozi, kihurumie." Akatupa kisu alichokuwa nacho. "Na hiki ni cha kukata maneno, hakikati kitunguu."

"Mama," wifi alisema, "hujajiandaa? Sanduku liko wapi?"

"Chini ya kitanda. Niletee."

Wifi akaenda, akarudi amelibeba, akaelekea nalo mlango wa nje.

"Unakwenda nalo wapi? Lete hapa. Fungua."

Sanduku likafunguliwa juu ya kaunta. Chini ya magauni yote, ndani ya aproni nyeupe ya kazi, kilikuwa kimeviringishwa kile kisu, bapa lake limekuwa jembamba kwa miaka thelathini na mmoja ya kunolewa. Bibi akakijaribu kwenye kitunguu kimoja. Ta, ta, ta, ta. Kitunguu kikaanguka vipande vinavyolingana, na uso wake wote ukakunjuka.

"Kwa hiyo nimekuja bure?" wifi akauliza, lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu, funguo zikining'inia.

"Hujaja bure. Umekuja kula. Weka hizo funguo, nawa mikono, huyu kaka yako atatumalizia viazi." Kisha bibi akainua mikono, bila kugeuka. "Mwanangu, nifungie aproni."

Mshonaji akasogea nyuma ya kiti. Aproni ilikuwa imempwaya. Bibi alikuwa amekonda miezi hiyo bila mtu kupima. Akatoa pini mbili kwenye ukosi wake, akaibana kushoto na kulia, ikakaa. Na mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukaacha sentimita mbili na nusu kila upande, za kunenepea.